Duka la Mtandaoni kwa Biashara Ndogo: Mfano wa Vitambaa vya Ifakara

Duka la mtandaoni ni mahali ambapo muuzaji huonyesha bidhaa, hupokea oda na hupokea malipo kwa kutumia intaneti, kisha humfikishia mnunuzi bidhaa yake. Watahiniwa wengi huikariri maana hii na kuishia hapo. Wakikutana na swali linalosema "mshauri mjasiriamali", huandika "afungue tovuti" na "ajitangaze Instagram", wakadhani wamemaliza. Majibu hayo hayana uzito kwa sababu hayaelezi tatizo linalotatuliwa.

Tatizo lenyewe ni hili: katika duka la mtaani mnunuzi huishika bidhaa kwanza, akalipa baadaye. Katika duka la mtandaoni hulipa kwanza, akaishika baadaye. Ukielewa tofauti hiyo, hatua zote za kufungua duka utaweza kuzieleza bila kukariri, kwa kuwa kila hatua ni jibu la hofu mojawapo ya mnunuzi: Bidhaa ni kweli ipo? Inafanana na picha? Fedha yangu inakwenda kwa nani? Mzigo utafika lini?

1. Biashara ya bidhaa mahususi ni ipi?

Ni biashara ndogo inayouza kitu cha aina moja kwa watu wachache wanaokitafuta hasa kitu hicho. Ifakara inafahamika kwa mchele, na mchele huuzwa na wengi. Lakini Ifakara pia kuna akina mama wanaofuma vitambaa vya pamba kwa mikono: shali, vitambaa vya meza, taulo. Wapo wanunuzi wa vitambaa hivyo pale mjini, ila ni wachache. Walio wengi wametawanyika Dar es Salaam, Arusha, Zanzibar na nje ya nchi. Hii ndiyo sababu intaneti inaifaa biashara ya aina hii: wanunuzi wachache wa kila mahali, wakikusanywa pamoja, huwa soko.

Mfano mwingine uko katika bonde lile lile la Kilombero. Kokoa Kamili ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 2013 katika eneo la Mbingu. Hununua kokoa mbichi kwa wakulima wadogo, huichachusha na kuikausha kwa uangalifu, kisha huiuza kwa watengenezaji wa chokoleti wa nje. Dandelion Chocolate ya San Francisco, Marekani, imewahi kuuza chokoleti yenye jina la Kokoa Kamili na la Tanzania kwenye karatasi yake, na mteja huweza kuiagiza kwa mtandao. Mazao yanayoondoka shambani katika gunia la lumbesa hupoteza jina la aliyeyalima mara tu yanapopakiwa kwenye lori. Bidhaa yenye jina, mahali ilikotoka na maelezo ya namna ilivyotengenezwa hubaki na thamani inayomrudia mzalishaji. Taja hoja hii katika jibu lako.

2. Hatua za kumsaidia mjasiriamali

Tuchukulie umeombwa kukisaidia kikundi cha wafumaji sita. Fuata mpangilio huu.

(a) Uliza kabla ya kufungua chochote. Wanafuma nini? Nani hununua sasa? Wanaweza kutengeneza kiasi gani? Tuseme kila mfumaji hutoa shali 3 kwa wiki. Kikundi kina uwezo wa shali 18 kwa wiki. Zikiingia oda 40 kwa mpigo, 18 zitakuwa tayari wiki ya kwanza, 36 zitakuwa zimekamilika mwisho wa wiki ya pili, na zilizobaki 4 zitasubiri wiki ya tatu. Kwa hiyo duka haliwezi kuandika "unapata ndani ya siku mbili". Ahadi ya uongo huua duka la mtandaoni mapema kuliko ukosefu wa wateja.

(b) Rasimisha biashara. Jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN) hutolewa na TRA, na leseni ya biashara hupatikana kwa utaratibu wa halmashauri. Kwa bidhaa za chakula, kama mchele uliofungashwa au asali, TBS nayo inahusika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua mikataba iliyofanywa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo oda iliyokubaliwa kwa simu si mazungumzo tu. Ni makubaliano yenye wajibu. Majina, namba za simu na anwani za wateja nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Si halali kumpa mtu mwingine orodha hiyo kiholela.

(c) Chagua aina ya duka. Zipo tatu.
- Duka ndani ya mitandao ya kijamii, kama katalogi ya WhatsApp Business au ukurasa wa Instagram. Gharama yake ni ndogo na wateja wamekwisha kuizoea.
- Soko la mtandaoni linalomilikiwa na kampuni nyingine, ambapo wauzaji wengi huuza pamoja. Huleta wateja, lakini mwenye soko ndiye anayepanga masharti. Jumia, iliyokuwa soko kubwa la aina hiyo, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Muuzaji aliyetegemea soko la mwenzake peke yake hujikuta hana mlango siku linapofungwa.
- Tovuti ya biashara yenyewe, yenye anwani inayoishia kwa mfano .co.tz. Hii humpa mwenye biashara uhuru, ila inahitaji kulipiwa kila mwaka na kutunzwa.
Kwa kikundi chetu, anza na aina ya kwanza. Tovuti ifuate oda zikishakuwa za kudumu.

(d) Andaa picha na maelezo. Piga picha mchana, nje, kivulini, ili rangi isidanganye. Piga kitambaa kizima, kisha pindo lake kwa karibu. Maelezo yajibu yale ambayo mkono wa mnunuzi ungeyajua: "Shali ya pamba, imefumwa kwa mikono Ifakara. Urefu sentimita 180, upana sentimita 70. Rangi: bluu na nyeupe. Ifue kwa maji ya baridi." Linganisha na "Shali kali sana, bei poa, wahi!" Maelezo ya pili yana kelele nyingi, lakini hayamwelezi mnunuzi chochote.

(e) Panga bei. Tuchukulie gharama za shali moja ni hizi: uzi shilingi 9,000; ujira wa mfumaji 8,000; mfuko na kufungasha 1,000; bando la intaneti 1,000; makato ya malipo 500. Jumla ni shilingi 19,500. Ikiuzwa kwa 26,000, faida ni 6,500, yaani asilimia 33.3 ya gharama. Sasa tuseme kutuma kifurushi Dar es Salaam ni shilingi 5,000. Kikundi kikitangaza "usafiri bure", faida inabaki 1,500 tu. Si vibaya kutoa usafiri bure, lakini lazima mtu awe amekaa akapiga hesabu. Angalia pia kwamba ujira wa mfumaji umewekwa kwenye gharama. Biashara nyingi za nyumbani huonekana zina faida kwa sababu kazi ya mama haikuhesabiwa.

(f) Weka njia ya malipo. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na malipo kwa simu sasa yamezoeleka hata vijijini. Kikundi kitumie lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Mnunuzi anapotaka kulipa, simu humwonyesha jina kabla hajaweka namba ya siri. Akiona jina lile lile aliloliona dukani, hofu hupungua. Akiona jina la kijana asiyemfahamu, huacha. Watanzania wamepokea sana ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo wana haki ya kushtuka. Muuzaji naye ajilinde: asitume mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa malipo. Aangalie salio kwanza.

(g) Panga usafirishaji. Jiografia ya bonde inaingia hapa. Reli ya TAZARA inapita Ifakara. Daraja la Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, liliondoa utegemezi wa kivuko kati ya Ifakara na upande wa Ulanga na Malinyi. Hata hivyo, bonde hili hupata mafuriko wakati wa masika, na barabara za vijijini huharibika. Duka liandike muda wa masika na muda wa kiangazi. Kifurushi kinaweza kutumwa kwa basi au kwa Posta. Kikitumwa kwa basi, mteja atumiwe picha ya risiti ya mzigo, jina la basi na siku ya kufika.

(h) Hudumia mteja kwa lugha safi. Soma mfano huu:

Mteja: Habari za saa hizi dada. Ile shali ya bluu bado ipo?
Muuzaji: Nzuri, karibu sana. Ipo moja. Ni 26,000, na kuituma Dar ni 5,000. Uko sehemu gani?
Mteja: Niko Mbagala. Ikinifika ina kasoro je?
Muuzaji: Pole kwa wasiwasi. Ikiwa na kasoro, tutumie picha ndani ya siku tatu, tutakubadilishia kwa gharama yetu.

Muuzaji amejibu bei kamili hadharani, bila "njoo inbox". Ameeleza pia nini kitatokea mambo yakiharibika. Kila duka liwe na sharti la kurudisha bidhaa, tena liandikwe kabla ya mauzo.

3. Duka ni la nani?

Hoja hii husahauliwa na wengi, nayo ni nzito kuliko zote. Msaidizi mara nyingi ni kijana anayejua simu. Hufungua ukurasa kwa namba yake, kwa barua pepe yake, kwa nenosiri analolijua yeye tu. Akipata kazi mjini au wakikosana, duka linaondoka naye, pamoja na wateja wote. Akina mama wanabaki na vitambaa vyao, kama vile hawakuwahi kuwa na duka.

Kwa hiyo fungua duka kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwenye biashara. Nenosiri liandikwe na kutunzwa na viongozi wawili wa kikundi. Orodha ya wateja na mauzo iandikwe pia kwenye daftari. Kisha mfundishe mtu mmoja katika kikundi kupiga picha, kujibu na kuandika oda mpaka aweze bila wewe. Kipimo cha msaada wako ni kwamba duka linaendelea siku usipokuwepo.

Ukimaliza mtihani wa Novemba utakuwa nyumbani ukisubiri matokeo. Huenda mtu wa kwanza kukuomba msaada huu akawa mama yako mdogo au shangazi. Usianze kwa kumpakulia programu. Anza na hatua (a).

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini bidhaa mahususi hufaa kuuzwa mtandaoni kuliko bidhaa inayopatikana kila duka. (Mwongozo: wanunuzi waliotawanyika, jina na asili ya bidhaa, mfano mmoja wa Kilombero.)

2. Kikundi kinauza kitambaa cha meza kwa shilingi 40,000. Gharama zote ni 31,000, na kukituma ni 6,000. Tafuta faida (i) mteja akilipia usafiri, (ii) kikundi kikilipia usafiri. Shauri kipi kifanyike. (Mwongozo: 9,000, 3,000, ushauri wako utoe sababu.)

3. "Kumfungulia mtu duka la mtandaoni si sawa na kumsaidia." Jadili kwa hoja nne. (Mwongozo: umiliki wa laini na nenosiri, uwezo wa uzalishaji, hesabu ya bei, mafunzo. Kila hoja iwe na mfano. Hoja isiyo na mfano ni kama shali isiyo na pindo: huanza kufumuka mwalimu akiivuta kidogo tu.)