MARIMBA NA NYIMBO ZA IBADA: TUSIIGE KWAYA

Wengi wenu mtaikumbuka siku ya maombi ya Kidato cha Nne mwaka jana. Marimba zetu zililia kweli kweli, lakini waimbaji walinyamaza mmoja mmoja hadi tukabaki wapigaji peke yetu. Baadhi yenu mlicheka. Mimi sikucheka, kwani ndimi niliyeupanga wimbo ule. Leo nitaeleza nilipokosea, na jinsi wimbo wa ibada unavyofaa kupangiwa marimba.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Marimba zetu ni za mtindo wa Kwanongoma, chuo cha muziki cha Bulawayo, Zimbabwe, kilichoanza kuzieneza miaka ya 1960. Ziko za aina nne: soprano, teno, baritoni na besi. Vibao vyake hufuata ngazi ya C, kisha kukaongezwa kibao cha F-shapu. Kwa hivyo ufunguo unaotufaa ni wa C au wa G, si kila ufunguo ulio katika kitabu cha nyimbo.

Kosa la kwanza lilikuwa hapo. Wimbo wetu ulikuwa "Amazing Grace", ambao maneno yake yalichapishwa Uingereza mwaka 1779, yakaunganishwa na tuni hii huko Marekani mwaka 1835. Tuni hutumia sauti tano tu: do, re, mi, so na la, kuanzia so ya chini hadi so ya juu. Mimi nikaiweka katika C. Kumbe so ya chini ikawa G, na wasichana wakashindwa kuifikia! Katika ufunguo wa G, so hiyo huwa D, na wengi wetu tunaiweza.

Kosa la pili, nilinakili sauti nne za kwaya noti kwa noti. Sauti ya mtu hudumu mpaka pumzi iishe, lakini ya kibao hufifia punde tu kinapogongwa. Noti ndefu zikawa mashimo, nasi tukakimbia ili tuyazibe. Waimbaji wakaachwa nyuma.

Sasa tufanyeje? Wimbo una mapigo matatu. Besi igonge pigo la kwanza tu. Baritoni ijibu pigo la pili na la tatu. Teno ivunje kodi (noti tatu zinazopatana, si kodi ya serikali!) kwa kupiga noti moja moja ili kujaza nafasi. Kodi ya D ina F-shapu, na hapo ndipo kile kibao cha ziada kinapofanya kazi. Soprano ibebe tuni, na kwenye noti ndefu fimbo mbili zipokezane upesi juu ya kibao kimoja.

La mwisho ndilo kubwa. Wimbo wa ibada ni maneno kwanza. Kila mpigaji aimbe huku akipiga. Ikiwa hasikii maneno ya jirani yake, apunguze nguvu.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mwaka huu tumeupanga wimbo upya katika G. Njooni siku ya maombi, na tafadhali msituache tena peke yetu.