Beshte anabatiza mtoto, na kwako nyumbani hakuna wa kubaki

KADI imetua kwenye WhatsApp Jumatano usiku. Picha ya mtoto mwenye kofia nyeupe, maandishi ya rangi ya dhahabu: karibuni ubatizo wa malaika wetu, Jumapili, misa ya pili, kisha sherehe nyumbani Kitengela. Unafurahi kweli. Unatuma mioyo mitatu mikundu.

Halafu unaanza kupiga hesabu. Wewe unaishi Kahawa West, kwa hivyo ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Dada anayekusaidia nyumbani huwa na ofu Jumapili. Kitindamimba wako ana miaka miwili na kikohozi, mkubwa ana kazi ya shule inayodai boksi, gundi na maharagwe ya rangi tatu, na mamako aliyekuja kliniki kutoka mashinani analala kwenye kochi hadi Jumatatu. Utaenda vipi? Na usipoenda, utamwambia nini rafiki aliyekaa nawe hospitalini usiku kucha ulipojifungua?

Anza kwa kuigawa siku yenyewe, maana ubatizo wa siku hizi ni shughuli mbili zilizofungwa kwa kamba moja. Ya kwanza ni ya kanisani, na ni fupi kuliko unavyodhani. Kwa Wakatoliki, mtoto anapakwa mafuta, anamwagiwa maji, anapakwa krisma, anavishwa vazi jeupe na kupokewa mshumaa uliowashwa kutoka kwa mshumaa wa Pasaka. Ikiwa yanafanyika ndani ya misa, misa ikiisha nayo yamekwisha. Shughuli ya pili ni tenti, viti, pilau, utambulisho wa kila mjomba na kila chama cha shangazi, na keki ambayo haikatwi hadi saa kumi na moja jioni. Anayekutoa kwako alfajiri na kukurudisha saa tatu usiku sio padri, ni MC.

Ukishaona hivyo, mambo yanalegea kidogo. Unaweza kuwa kanisani wakati maji yanamwagwa, uonekane kwenye picha, ule sahani moja, na saa nane uwe stejini. Ila hilo umwambie rafiki yako mapema, Alhamisi, kwa simu na kwa sauti yako: "Siz, nitakuja kanisani, nitakula, saa nane natoka kwa sababu ya mathe na watoto." Usiandike "nitajaribu." Nairobi nzima inajua maana ya nitajaribu. Mama wa mtoto mchanga anahesabu sahani na viti huku amelala saa tatu tu, na jibu la uongo linamchosha kuliko jibu la la.

Lakini kuna mwaliko wa aina nyingine, na huo si wa kujibiwa kwa mioyo. Ni pale unapoambiwa, "Tunataka uwe mzazi wake wa ubatizo." Hapo huombwi Jumapili moja. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, msimamizi anatakiwa awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na ekaristi, awe ametimiza miaka 16 kwa kawaida, na asiwe baba wala mama wa mtoto huyo. Anaweza kuwa mmoja, au wawili, mwanamume na mwanamke. Mkristo wa kanisa lingine aliyebatizwa anaweza kusimama kama shahidi, ila lazima awe kando ya msimamizi Mkatoliki. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha 1662 kinataka wasimamizi watatu kwa kila mtoto. Makanisa mengi ya Kipentekosti hayabatizi wachanga. Humweka mtoto wakfu kwa maombi na kumwachia maji aje aamue mwenyewe akikua. Kwa hivyo kabla ya kulia machozi ya furaha, uliza ni kanisa lipi, na uliza kuna siku ngapi za mafundisho, kwa sababu wazazi na wasimamizi huandaliwa kabla ya siku yenyewe. Siku hizo nazo zinataka mtu wa kubaki na watoto wako.

Tena jina lako linaandikwa kwenye daftari la parokia. Keki itasahaulika kufikia Ijumaa, lakini siku mtoto huyo atakapotaka kufunga ndoa kanisani, rekodi hiyo ndiyo itakayotafutwa, na wewe umo. Kama maisha yako sasa hivi hayana nafasi ya mtoto wa tatu wa kumpigia simu, kumwombea na kumwuliza anaendeleaje shuleni, kataa. Kataa kwa upole, lakini kataa. Rafiki atanuna wiki mbili, na hilo ni afadhali kuliko mtoto mwenye mama wa ubatizo anayemjua kwa picha tu.

Sasa turudi kwako nyumbani, ambako ndiko vita viliko.

La kwanza, ofu ya dada wa nyumba. Wengi wetu tukipata mwaliko hukimbilia kumwambia, "Jumapili hii utanisaidia kidogo." Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na yeye ni mfanyakazi kama wewe ulivyo pale ofisini. Pengine naye ana kanisa, ana mtoto wake mashinani anayengoja kusikia sauti yake. Muulize, usimwagize. Akikubali, mpe siku nyingine kabla wiki haijaisha, na pesa juu. Akikataa, amekataa, na Jumatatu usimfungie uso.

La pili, baba watoto. Hapa nitasema wazi: mwanamume anayebaki na wanawe Jumapili habebi mzigo wa mtu, wala hastahili kupigiwa makofi. Anakaa na watoto wake. Muachie uji kwenye thamosi, dawa ya kikohozi na saa za kuitoa, na maharagwe ya rangi tatu. Usimpigie simu kila nusu saa. Ikiwa rafiki ni wake na wewe ndiwe unayebaki, basi naye asirudi saa nne usiku akinuka nyama choma na kuuliza kama kuna chakula.

Kama unalea peke yako, pengine jibu ni jirani wa mlango wa pili, mkibadilishana: leo anakaa na wako, wiki ijayo wewe na wake. Ama unabeba watoto. Hilo halina shida, isipokuwa huyo mwenye kikohozi. Mtoto anayebatizwa huenda ana miezi miwili tu. Chanjo za Kenya za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huenda hajazimaliza, na kikohozi kidogo cha mtoto wako kinaweza kumlaza huyo mchanga hospitalini. Hapo hakuna aibu kubaki nyumbani.

Na pesa? Kuna kundi la mchango, kuna kitenge cha kufanana, kuna zawadi, kuna nauli. Usifulize ili ufanane na watu kwenye picha. Vaa gauni lako la Krismasi. Pakiti moja ya daipa itamfaa zaidi ya fremu ya kioo yenye jina la mtoto, na mama mtoto mwenyewe, ukimuuliza kando, atakwambia hivyo.

Na ikiwa hesabu zote zimekataa, mama amezidiwa, mtoto ana joto, baba yuko zamu, basi usiende. Tuma ulicho nacho Jumapili asubuhi kwa M-Pesa na ujumbe wenye jina la mtoto. Kisha tafuta Jumanne au Jumatano ya wiki hiyohiyo, ukitoka kazini. Tenti limeshang'olewa, mashangazi wamerudi Nyeri na Kakamega, sufuria za kukodi zimerudishwa, na huyo mwanadada yuko peke yake na mtoto anayelia. Mpelekee njahi ulizochemsha au uji moto. Ukifika, usikae kungoja soda. Mshike mtoto, mwambie mama yake akaoge bila haraka, na akirudi akute vyombo vimeoshwa.