Gari la Magurudumu Manne na Barabara ya Theluji



Tangu 2007, Marekani ilipoanza kuwapokea Warundi wa mwaka 1972 waliokuwa katika kambi za Tanzania, na baadaye Wakongomani wa Nyarugusu, picha nyingi zimerudi kambini kutoka kwa waliotangulia. Moja mnaijua wote: ndugu amevaa koti nene, amesimama kando ya gari kubwa, na theluji imemfika magotini. Picha hizo zimezaa swali ambalo tumeulizwa na wanaosubiri safari, na pia na wazazi ambao watoto wao wamekwisha kuondoka. Je, ni kweli kwamba mwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hana haja ya kuogopa theluji?

Jibu ni hapana. Tunaeleza sababu kwa urefu kidogo, kwa kuwa wengi wakifika huko huanza na kazi za kiwandani, mara nyingi zamu ya usiku, katika miji ambayo basi halipiti saa hizo. Gari huwa ndicho kitu cha kwanza cha bei kubwa wanachonunua, na muuzaji hakosi kuwaambia kwamba hili ni la magurudumu manne, baridi si kitu.

Fikirini magari ya mashirika yanayoingia kambini wakati wa masika. Gari la kawaida likikwama kwenye udongo mwekundu, magurudumu mawili huzunguka bure. Lile la magurudumu manne hutoka, kwa sababu nguvu ya injini inagawanywa kote, na gurudumu moja likiteleza mengine yanaendelea kusukuma. Hiyo ni faida ya kweli, na kwenye theluji iko vilevile: utaondoka kwenye maegesho na utapanda kilima wakati jirani yako amekwama.

Lakini muulizeni dereva yeyote wa hapa kilichompata siku alipoteremka mteremko wenye matope. Unapokanyaga breki, injini haina kazi tena. Gari lolote lina magurudumu manne na breki nne, la bei kubwa na la bei ndogo. Kinacholisimamisha ni jinsi mpira unavyoshika njia, basi. Na gari la magurudumu manne huwa zito, tena kwa kuwa linaondoka bila shida, dereva anadhani barabara ni nzuri. Anaongeza mwendo. Anagundua ukweli kwenye taa nyekundu, akiwa amechelewa.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne, hata kwenye lami kavu. Kanuni za barabara za Uingereza zinawaonya madereva kwamba kwenye barafu umbali huo unaweza kufika mara 10 ya ule wa barabara kavu. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, na umwache wa mbele yako aende mbali hata kama wa nyuma anapiga honi.

Sasa tuje kwenye matairi, ambayo ndiyo hasa ya kugharimia. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Tairi la majira ya baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na meno yake yana mikato mingi midogo inayong'ata theluji. Utalitambua kwa alama ya mlima wenye chembe ya theluji ubavuni. Yafungwe yote manne, hata kama fundi anasema mawili yanatosha. Gari dogo lenye matairi hayo linaweza kusimama mapema kuliko gari kubwa la magurudumu manne lenye matairi ya kawaida. Katika jimbo la Québec, Kanada, sheria inayadai tangu Desemba 1 hadi Machi 15. Norway inataka meno yasiyopungua milimita 3 wakati wa baridi. Kwingine sheria iko kimya, na hapo ndipo watu hubana matumizi mahali pasipofaa.

Pimeni na upepo. Kila joto linaposhuka kwa nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza takriban paundi moja, hata bila pancha.

Theluji yenyewe unaiona. Adui mbaya zaidi ni barafu nyembamba isiyo na rangi, inayofanana na lami iliyolowa. Daraja huiotesha kwanza, kwa kuwa upepo wa baridi unapita juu na chini yake. Tena msidhani siku ya baridi kali ndiyo yenye utelezi mkubwa: barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri, inapoanza kuyeyuka juu, huteleza kuliko ile ya baridi kali.

Gari likianza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko taratibu. Ukikanyaga breki ya gari la kisasa, pedali itatetemeka na kunguruma. Haijaharibika. Endelea kuikanyaga, usiiachie. Wapo walioshtuka wakaiachia, gari likaenda zake.

Liko jambo moja ambalo mama zetu wanalijua kuliko madereva. Mnajua hatari ya kulala na jiko la mkaa katika nyumba iliyofungwa. Moshi wa injini una sumu ileile, isiyo na harufu. Ukikwama njiani na theluji ikaziba ekzosi, sumu huingia ndani ya gari wakati wewe unaota joto. Kwa hiyo shuka kwanza uondoe theluji kwenye ekzosi kwa mkono au koleo. Kisha washa injini kama dakika 10 tu kila saa, fungua kioo kidogo upande usio na upepo, na ubaki ndani ya gari mpaka msaada ufike. Kutembea kutafuta nyumba katika dhoruba kumeua watu wengi, maana njia haionekani na mwili hupoa upesi. Blanketi, tochi, maji, chakula kikavu na koleo dogo vikae garini majira yote ya baridi. Na asubuhi usipashe gari moto ndani ya banda lililofungwa.

Atakayefika huko kabla ya baridi ajifunze kwa ndugu aliyekwisha kuendesha majira mawili au matatu. Theluji ya kwanza ikianguka, waende pamoja mahali pa wazi pasipo na magari, kwa ruhusa ya mwenyewe, akanyage breki kwa mwendo mdogo aone gari linasimama wapi.