Kumfunza Mbwa Mchanga wa Kuwinda: Nafasi ya Kujizuia Katika Usasi wa Pwani ya Kigamboni

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kawaida mbwa wa kuwinda husifiwa kwa mbio, ukali na pua yake. Makala haya yanaeleza mafunzo ya mbwa huyo katika miezi yake ya mwanzo, na yanajenga hoja kwamba sifa hizo tatu ndizo zenye kumpa mfunzaji kazi ndogo zaidi, kwa kuwa mbwa huzaliwa nazo. Linalofunzwa hasa ni kinyume chake: kusimama anapokatazwa, kurudi anapoitwa na kuachia alichokikamata. Mbwa anayejua kukimbiza tu hajafunzwa, hata kama kila siku anarudi na sungura mdomoni.

Hoja hiyo ina uzito wa pekee Kigamboni. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Temeke katikati ya miaka ya 2010, ina sura mbili. Kata za kusini kama Kimbiji na Pemba Mnazi zingali na mashamba ya mihogo, mikorosho, minazi na vichaka, ilhali Tungi, Vijibweni na Kibada zimezidi kuwa mji, hasa tangu Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680 lilipofunguliwa Aprili 2016. Mbwa aliyetoka kichakani akimfuata paa zamani aliishia kwenye kichaka kingine. Leo huishia kwenye kiwanja cha mtu, katikati ya mbuzi, kuku, watoto na bodaboda. Aidha, wenyeji wa pwani hii, Wazaramo wakiwa miongoni mwao, wengi wao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi lakini papo hapo humpa mbwa wa kuwinda nafasi yake. Nafasi hiyo ina masharti, na masharti hayo yote ni ya kujizuia.

2.0 Maana ya mbwa aliyefunzwa

Aya ya 4 ya Sura Al-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa, na inaufungamanisha uhalali huo na tendo lenyewe la kufundisha. Hadithi mashuhuri ya Adiyy bin Hatim inaongeza jambo la msingi: windo ambalo mbwa amelila haliliwi na mtu, kwa kuwa huhofiwa kwamba amelikamata kwa ajili ya nafsi yake, si kwa ajili ya aliyemtuma. Vivyo hivyo, mbwa mwingine asiyejulikana aliyemtuma akichanganyika katika windo, nyama hiyo huachwa.

Wanazuoni wa Kishafii waliyageuza maelekezo hayo kuwa vipimo. Katika Minhaj al-Talibin ya Imamu Nawawi (aliyefariki 1277), kitabu chenye hadhi kubwa katika elimu ya fikihi ya Afrika Mashariki, mbwa huhesabiwa kuwa amefunzwa iwapo hukoma anapokemewa, hutoka anapotumwa, na hulizuia windo bila kulila. Tena haitoshi afanye hivyo mara moja. Mambo hayo sharti yajirudie hadi idhaniwe kwa nguvu kwamba yamekuwa tabia yake. Idadi haikutajwa, na hapo pana busara, kwa sababu kila mfunzaji anajua kwamba mbwa wawili wa mzao mmoja hawajifunzi kwa kasi moja.

Sharti lifuatalo ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi kwa msasi. Mbwa aliyekwisha kuthibitika kuwa amefunzwa akila nyama ya windo alilolikamata, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo windo hilo si halali na mbwa hurudishwa mafunzoni upya. Kulamba damu, hata hivyo, hakumharibii cheo. Kwa mtazamo huu, kufunzwa ni hali inayoweza kupotea, na anayeshikilia kwamba mbwa wake alifunzwa mwaka juzi hana hoja. Mahali meno yalipogusa panabaki najisi na huoshwa kwa maji na udongo. Windo likikutwa na uhai uliotulia, sharti lichinjwe.

Ni lazima kutofautisha hapa nyama na ulinzi wa mazao. Paa na sungura huliwa. Nguruwe pori, adui mkubwa wa muhogo katika mashamba mengi ya ukanda wa pwani, ni haramu hata akikamatwa na mbwa mwenye adabu kuliko wote. Lakini hadithi zinazokataza kufuga mbwa bila haja zinamtoa katika katazo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kwa hiyo mkulima Mwislamu mwenye mbwa wa kumfukuza nguruwe hayuko nje ya mafundisho ya dini yake, ingawa jirani anaweza kumtazama kwa jicho la upande.

3.0 Miezi ya mwanzo

Mbwa wa kienyeji wa pwani ni mwembamba, mwenye manyoya mafupi, na huvumilia joto kuliko mbwa wa kigeni wenye manyoya mazito wanaofugwa kwa ulinzi wa nyumba. Hajathaminiwa ipasavyo. Hata jina la Basenji, aina ya mbwa wa Kongo anayefahamika duniani kote, lina asili moja na neno mshenzi, na Waingereza wa enzi ya ukoloni waliwaita mbwa wa Afrika Mashariki kwa neno hilohilo. Anachokikosa mbwa huyu mara nyingi si uwezo. Ni mtu wa kumshughulikia katika wiki zinazohusika.

Wiki hizo zinajulikana. Scott na Fuller, katika kazi yao ya 1965 kuhusu urithi na tabia ya mbwa, walionesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa hujenga uhusiano na viumbe vinavyomzunguka kwa wepesi ambao haurudi tena. Anayekosa kuguswa na watu katika kipindi hicho hukua akiwaogopa. Kwa Kigamboni, hii ina maana kwamba mbuzi, kuku, watoto wanaokimbia na mlio wa pikipiki viingie katika maisha ya mbwa mapema, akiwa angali mdogo kuliko kuku mwenyewe. Mtoto wa mbwa aliyefungiwa kibandani hadi miezi 6 ili “asizoeane na watu akapoteza ukali” ameharibiwa. Akifunguliwa, kila kinachokimbia kwake ni windo.

Somo la kwanza ni kuitikia wito. Huanza kwenye chakula: jina huitwa, chakula hutolewa, na baada ya siku chache jina lenyewe linabeba maana ya chakula. Kisha umbali huongezwa, mbwa akiwa na kamba ndefu ya mita 10 hivi inayoburuzwa chini ili mfunzaji aweze kuikanyaga pale wito unapopuuzwa. Kosa lililoenea ni kumpiga mbwa aliyechelewa kurudi. Mbwa hulihusisha pigo na tendo alilolifanya punde hivi, yaani kurudi, wala si na kuchelewa kwake. Akipigwa mara tatu hivyo, atakuwa amefunzwa barabara kutorudi.

Wakati ndio roho ya mafunzo yote ya mnyama. Shirika la APOPO, linalofunza panya buku mjini Morogoro kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hutumia mlio mfupi unaotangulia chakula, ili mnyama ajue ni tendo gani hasa limemstahilisha tuzo. Msasi asiye na chombo cha mlio anaweza kutumia neno moja fupi, lilelile kila siku, kwa sauti ileile.

4.0 Kufuata harufu

Kunusa hakufunzwi, bali mbwa hufunzwa kuishika harufu moja na kuziacha nyingine. Njia rahisi ni kuburura ngozi ya sungura au ya paa aliyepatikana kihalali, kwa hatua 50 za mwanzo katika mstari ulionyooka, kisha kumwachia mbwa akiwa kwenye kamba. Mwishoni mwa mburuzo pana kipande cha nyama. Siku zinazofuata mstari hurefushwa, hupindwa, na huachwa kwa muda kabla mbwa hajaletwa.

Mazingira ya Kigamboni yanaamua mengi hapa. Harufu hudumu zaidi kwenye ardhi yenye unyevu na ubaridi, hivyo alfajiri yenye umande ndiyo darasa bora. Mchanga mkavu wa pwani saa 7 mchana haushiki harufu kwa muda, na mbwa, ambaye hupoza mwili hasa kwa kuhema, hupatwa na joto kali kabla hajajifunza lolote. Upepo nao una kalenda yake: kusi na kaskazi hupokezana kwa majira, na mchana upepo wa baharini huvuma kuelekea nchi kavu. Mfunzaji anayeanza amweke mbwa upande unaokopelekwa na upepo, ili harufu imjie puani. Makosa mengi yanayohesabiwa kuwa ya mbwa mjinga ni ya mtu aliyemweka upande usiofaa.

Kumtoa mbwa mchanga pamoja na mbwa mzee kunaharakisha kazi, lakini huja na gharama. Mchanga huiga yote, ikiwa ni pamoja na kula windo na kupuuza wito. Inafaa basi wito uimarike kwanza akiwa peke yake. Nguruwe pori dume asiletwe kabisa mbele ya mbwa asiyetimiza mwaka. Meno yake humpasua mbwa tumbo, na anayenusurika aghalabu hubaki na woga.

5.0 Kuachia

Mbwa hufunzwa kuachia kwa kubadilishana. Ameshika ngozi, anaoneshwa kipande cha nyama, anafungua mdomo, neno linatamkwa, anapewa. Kumnyang’anya kwa nguvu humfundisha kwamba mkono wa mtu ni mshindani, naye atakimbia na windo au atalimeza upesi. Mbwa aliyelishwa kabla ya kwenda kichakani huachia kwa urahisi kuliko mwenye njaa. Imani kwamba njaa humfanya mbwa kuwa hodari imezalisha mbwa wengi wanaokula windo, na hivyo, kwa kipimo kilichoelezwa hapo juu, wanaompotezea mwenyewe nyama aliyoitoka kutafuta.

Kanuni hiyo inaonekana pia ng’ambo ya mkondo wa bandari. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere wamepelekwa mbwa wa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine, waliofunzwa chini ya mpango wa African Wildlife Foundation. Kwa mbwa wa namna hii pembe haina thamani yoyote. Anachokitaka ni mchezo na kitu chake cha kuchezea, naye amejifunza kwamba kukipata hupitia kwenye kuonesha harufu iliko bila kuurukia mzigo. Silika inayomwendesha ni ileile ya msako. Tofauti ni kwamba mwisho wake uko mkononi mwa mtu.

6.0 Chanjo na sheria

Mbwa anayekutana na wanyama wa porini yumo katika hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Chanjo hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi 3 na kurudiwa kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza, na Shirika la Afya Duniani linalenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa ili maambukizi yakome katika eneo. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata.

Kuhusu usasi wenyewe, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inataka kibali cha kuwinda, na inamtaja mbwa miongoni mwa njia zisizoruhusiwa bila idhini ya maandishi. Hivyo mafunzo yaliyoelezwa hapa, kwa mtu asiye na idhini, yanaishia kwenye ngozi ya kuburura na ulinzi ndani ya mipaka ya shamba. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo inalinda mnyama dhidi ya ukatili, na kumnyima mbwa chakula makusudi ili awe mkali ni vigumu kukutetea mbele yake. Mkulima ambaye nguruwe wameingia muhogo wake usiku anapaswa kutoa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Mbwa abweke akiwa ndani ya uzio, na nguruwe akishatoka shambani, mbwa aitwe arudi.