Programu inayohama huyajuaje makao yake?

MWALIMU amekesha akiingiza alama za mtihani katika tarakilishi ya shule. Programu anayoitumia imo ndani ya flashi pamoja na faili zake zote. Kesho yake anaichomeka flashi iyo hiyo katika mkahawa wa intaneti, anafungua programu, naye anaambiwa kwamba faili ya alama haipo.

Alama hazijapotea. Programu ndiyo iliyopotea njia.

Chanzo aghalabu ni anwani. Baadhi ya waundaji huiandika anwani kamili ya faili ndani ya programu yenyewe, mathalani E:\Alama\kidato2.dat. Mfumo wa Windows huipa kila diski herufi yake, na flashi iliyoitwa E katika tarakilishi moja yaweza kuitwa F kwingineko, kutegemea herufi zilizokwisha kutwaliwa. Programu basi hubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshahama.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuandika jina la faili bila anwani. La hasha. Jina kama hilo hutafutwa katika folda ya kazi, yaani mahali mtumiaji alipo anapotoa amri, na si lazima pawe ndipo programu inapoishi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Njia salama ni programu kuuliza mfumo endeshi, ambao ndio ulioipakia kwenye kumbukumbu na hivyo wajua ilikotoka. Katika Windows swali hilo huulizwa kwa GetModuleFileName. Katika Linux, kwa kusoma kiungo /proc/self/exe. Na katika tarakilishi za Apple, kwa _NSGetExecutablePath. Tuseme jibu ni F:\Alama\programu.exe. Programu hulikata jina la mwisho, ikabaki na F:\Alama, kisha ikaunganisha hapo kidato2.dat. Herufi ibadilike itakavyo, faili itaonekana.

Hata hivyo, upo mtego mwingine. Katika Linux, maktaba ambazo programu huzitegemea hutafutwa kabla haijaanza kazi, ingali haiwezi kuuliza lolote. Hapo mwundaji huacha neno $ORIGIN ndani ya faili ya programu, na kipakiaji hulisoma kama folda ambamo programu hiyo imo.

Msomaji anayetaka kuijaribu programu ya kubeba na aweke kwanza akiba ya faili zake kwenye diski nyingine. Kisha aihamishe folda nzima na kuifungua programu huko. Asiinakili tu, kwa maana nakala ya zamani ikibaki mahali pake, programu yaweza kuisoma hiyo naye akadanganyika.

Ikiziona faili zake, basi ni konokono: huenda na nyumba yake. Isipoziona, mwalimu asikimbilie kuingiza alama upya. Airejeshe folda mahali ilipokuwa, au flashi kwenye tarakilishi iliyoizoea, na huenda kazi yake ya usiku kucha ikamngoja palepale.