Ukimfungia nyoka kwenye kioo, mpe joto na kivuli

"Mjomba, nyoka wangu anapumua kwa kukoroma." Huyo ni mpwa wangu aliyeko Uingereza, anayefuga chatu mdogo wa Afrika Magharibi ndani ya sanduku la kioo. Daktari wa wanyama alimwambia mapafu yameugua, na chanzo ni sanduku lenyewe.

Nyoka hajitengenezei joto mwilini kama sisi. Hulifuata lilipo, kisha hurudi kivulini. Kwa hivyo sanduku liwe na pande mbili: mmoja kama nyuzi 32 za Selsiasi, wa pili kama 25, na maficho kote kuwili. Taa ya joto iungwe na thamostati, la sivyo itamchoma.

Unyevu wa chatu huyu uwe kama asilimia 55 hadi 65. Ukipungua, ngozi hutoka vipande vipande anapojivua. Ukizidi, hewa isipite na baridi iingie, maradhi hufuata. Mpwa alikuwa amefunika wavu wa juu kwa nailoni na kunyunyiza maji kutwa. Sasa ameuacha wazi nusu, bakuli la maji liko upande wa baridi, na vipimo viko pande zote.

Huku Pwani unyevu tunao tele, na kioo kikipigwa na jua hugeuka tanuri. Tena kufuga nyoka kunataka kibali cha KWS.

Sote twaijua hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa. Ukimfungia kiumbe, dhamana yake ni yako.