Valvu ya Moyo Hubadilishwaje Bila Kupasua Kifua?

Sote wa Kharumwa na vijiji vya jirani tunaijua pampu ya kisima. Ndani yake mna valvu. Maji yakipanda, inafunguka. Yakitaka kurudi, inajifunga. Ikichakaa, tutapampu mpaka jasho litutoke, na ndoo haijai.

Moyo nao ni pampu. Ukubwa wake ni kama ngumi, na una valvu nne. Moja hupitisha damu kwenda mwili mzima. Kwa wazee, valvu hii huweza kukakamaa. Mzee akitembea kidogo, pumzi zinamwishia. Kifua kinambana, pengine anazimia.

Zamani njia ilikuwa moja tu: kupasua kifua. Mwaka 2002, Daktari Alain Cribier wa mji wa Rouen, Ufaransa, alimwekea mgonjwa valvu mpya kwa kuipitisha katika mshipa wa damu. Valvu hukunjwa kwenye mrija mwembamba, huingizwa pajani, husukumwa hadi moyoni. Hapo hutanuliwa, nayo huisukuma pembeni ile mbovu.

Je, hatari iko wapi? Juu kidogo ya valvu hiyo kuna matundu ya mishipa miwili inayoulisha moyo wenyewe. Lakini watu hatukuumbwa sawa. Wengine mishipa yao huanzia mahali pengine, au huizunguka valvu kwa karibu. Valvu mpya ikitanuka, inaweza kuubana mshipa huo. Ni kama kuweka bomba nene kwenye mfereji, likaziba mchepuo wa shamba lako. Moyo ukikosa damu, mtu anaweza kufa upesi.

Kwa hiyo madaktari hupiga picha kwanza, wakapima kila tundu. Ndipo huchagua valvu inayofaa. Wakiona hatari ni kubwa, huweza kuamua kupasua kifua.

Sisi tufanye nini? Huku kwetu valvu za vijana wengi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata ugonjwa wa koo wa utotoni. Mtoto akiumwa koo na kupata homa, tumpeleke zahanati. Akipewa dawa, azimalize hata kama amepona. Akivimba viungo au kuhema ovyo, tusiseme amerogwa. Tumwahishe hospitali. Bugando, Mwanza, hupokea wagonjwa wa rufaa, na tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Maswali:
1. Valvu ya moyo inafanya kazi gani?
2. Kwa nini madaktari hupiga picha kwanza?
3. Mtoto wako akiumwa koo, utafanya nini?